Stesheneri wanaotengeneza vitabu vya wazee wa jeshi: mikono wanayo, ila wachungeni kwenye maneno

Habari wadau. Siku hizi hapa Mwanza mjini kuna stesheneri wanafanya hii huduma, unawapelekea daftari la mzee wako au sauti uliyorekodi kwenye simu, wanataipu, wanapanga, wanabaindi, unaondoka na kitabu kabisa chenye kava gumu na picha. Mimi niliwapelekea kaunta buku la baba, alipigana Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, akiwa mgambo. Duka silitaji maana sina ugomvi nao, nataka tu mwenye mzazi aliyepita jeshini ajue anaenda kulipia nini.

Kwenye kutaipu kwa kweli niwape heko. Mwandiko wa mzee umefifia, kurasa zingine panya wamepita nazo pembeni, lakini dada anayetaipu kausoma wote na majina ya sehemu kayaweka sawa, Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya, hakuna lililoharibika. Ile picha ya mzee na gwanda, ndogo kama ya kitambulisho, wameiskani na kuikuza mpaka vifungo unavihesabu. Karatasi nzito, uzi umeshonwa, hakiachii kurasa.

Tatizo ni kuhariri. Kwenye bei wanaweka na "kunyoosha lugha" na mimi nikajua ni nukta na mkato, kumbe dogo mwenye duka ananyoosha mpaka historia. Mzee kaandika habari za Lukaya, Machi 1979, brigedi ya 201 ambayo wengi walikuwa mgambo kama yeye, jioni roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zikaanza kupita juu ya vichwa, hazikuwapata ila kile kishindo na ule mvumo, watu wakavunja mstari wakaingia kwenye mafunjo gizani. Kaandika neno moja tu, tulikimbia. Kwenye kitabu tukakuta "tulirudi nyuma kimkakati". Nikamwambia mzee twende wote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapa nani karudi nyuma kimkakati?"

"Nimeweka hivyo mzee wangu, isije ikaonekana vibaya."

"Kwa nani? Mwanangu mimi nilikimbia. Kiatu kimoja nilikiacha kwenye tope. Kesho yake tukarudi tukapigana, na hilo nimeandika, sasa wewe ukitoa la kwanza hili la pili litasomekaje?"

Dogo akacheka, akarudisha. Na ukweli ni kwamba asubuhi ile brigedi ya 208 iliwazunguka adui kwa nyuma ndio mambo yakageuka, mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka, kwa hiyo hakuna aibu yoyote ya kufichwa hapo.

La pili ndio lilinikera zaidi. Nilirekodi na mama, akasimulia upande wake, kuanzia ile hotuba ya Nyerere ya kutangaza vita, Novemba 1978, walivyoisikia kwenye redio ya jirani, mzee anaondoka, yeye anabaki na mimba na mtoto mgongoni, halafu mzee anarudi na ndio ule wakati wa kufunga mikanda, uchumi mbaya baada ya vita, miezi 18 tuliyoambiwa ikawa miaka, foleni ya sabuni duka la kaya, lile la mgao, tangu alfajiri na huku nyumbani kuna mwanaume analala chini kaegemea mlango. Yote hayo dogo kayakata. Eti hayahusu vita! Sasa bana kama hayo hayahusu vita yanahusu nini, maana huyo mtu wa mlangoni sisi ndio tumelelewa naye.

Mfano mdogo tu. Kwetu mluzi ulikuwa marufuku, mchana na usiku. Kila nyumba watoto wanaambiwa usipige mluzi usiku utaita nyoka, sisi tulijua baba anaogopa nyoka kupita kiasi, kaka yangu aliwahi kupiga mluzi akichunga mbuzi, mchana kweupe, akapigwa kofi na mzee mwenyewe akabaki anatetemeka kuliko aliyepigwa. Mama kwenye rekodi ndio anasema, tena kwa kupitia tu kama anataja bei ya nyanya, kwamba mzee alimwambia mara moja mluzi unamrudisha Lukaya. Hiyo sentensi ndiyo kaka yangu kaisoma akaenda kukaa nje. Na ilikuwa imeshafutwa ile.

Kwa hiyo ukienda, mambo ya kuwaambia mapema: wasiguse maneno ya mzee zaidi ya herufi, kama kasema "bwana afande akatutukana" waache hivyo hivyo, wakupe nakala ya kwanza kwenye flashi au WhatsApp usome na mzee mwenyewe kabla hawajabaindi, na sauti ya mama ilipiwe kama kurasa za kawaida, wasikwambie ni nyongeza. Pia sisitiza ukurasa wa majina ya wenzake, mzee wetu alitaka wale waliolala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya kule Muleba wawe mbele kabisa na sio mwisho, na hilo walifanya bila kubisha.

Nyota tatu na nusu. Zingekuwa nne na zaidi, ila walinichaji tena hela ya kurudishia maneno waliyoyafuta wenyewe.