Tochi ya kutikisa: "Mwambie shemeji akutikisie"

Sikuwa na mpango wa kuandika chochote kuhusu tochi. Tochi inawaka au haiwaki, basi. Lakini kuna sentensi moja niliyoambiwa na muuzaji ambayo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa kazini, waya unanikatikia mkononi.

Hizi tochi za kutikisa mnazijua. Bomba la plastiki angavu, ndani kuna silinda inayoteleza kwenda na kurudi katikati ya koili ya waya wa shaba. Haina betri, ndivyo inavyonadiwa. Unatikisa, sumaku inapita kwenye koili, umeme unazaliwa, taa inawaka. Mimi kazi yangu ni kusuka mota zilizoungua, kwa hiyo kitu cha namna hiyo kwangu si muujiza, ni ndugu wa damu. Niliinunua kwa mapenzi kabisa. Nilitaka kitu cha kumulikia ndani ya mota ambacho hakitanizimikia mikono ikiwa imejaa vanishi.

Ilipofika ikawaka palepale, kabla sijaitikisa hata mara moja. Hapo ndipo ningeshtuka. Kapasita, kile kidude kinachotunza umeme uliotikisa, ikikaa muda mrefu bila kuguswa chaji yake huvuja kidogokidogo, kwa hiyo tochi ya kweli iliyolala kwenye boksi huanza ikiwa imechoka. Nikajisemea labda wameijaribu kabla ya kuifunga. Mwenye kupenda haoni.

Baada ya wiki kadhaa mwanga ukaanza kufifia. Nikatikisa. Nikatikisa tena. Niliitikisa ile tochi mpaka bega likauma, na mwanga ukabaki vilevile, kama wa kimulimuli mgonjwa. Na kuna kitu mkono ulikuwa unaniambia ambacho kichwa kilikataa kusikia: ile silinda ilikuwa inateleza kirahisi mno.

Nieleze hapa, maana ndipo penyewe. Ukipitisha sumaku ya kweli kwenye koili ambayo saketi yake imefungwa, yaani njia ya umeme imekamilika, mkondo unaozaliwa huwa na uga wake wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayouzunguka, na uga huo hugombana na sumaku iliyouzaa. Sumaku ikija inasukumwa, ikiondoka inavutwa irudi. Mwanafizikia Lenz aliiweka kanuni hiyo mwaka 1834. Kama huamini, dondosha sumaku kali ndani ya bomba la shaba lililosimama wima. Shaba haishikwi na sumaku hata kidogo, lakini sumaku itashuka taratibu kana kwamba inazama kwenye grisi. Kile kizuizi ndicho bei ya umeme, na anayelipa ni mkono wako. Tochi ya kweli ikiwa haina chaji, ukitulia unakisikia kwa mbali, halafu kinapungua kadiri kapasita inavyojaa. Yangu ilikuwa kokoto ndani ya chupa.

Nikampigia muuzaji. Nilimsalimia vizuri, nikamweleza kwa upole tu, kwamba nadhani hii moja imekuja na kasoro. Alinisikiliza nusu. "Dada, hiyo inataka nguvu. Mwambie shemeji akutikisie."

Nikameza mate. Nikamuuliza, hiyo sumaku ni ya aina gani, ile kali ya neodimiamu au ile nyeusi ya kwenye spika? Akacheka. "Sumaku ni sumaku, dada yangu. Wewe tikisa." Akakata simu.

Nimebeba mota ambazo shemeji huyo anayemsema angeita mtu wa kumsaidia. Lakini tuyaache.

Nilichukua bisibisi, nikaisogeza kwenye bomba. Silinda haikushtuka. Nikaleta sumaku ya spika, silinda ikaruka na kuganda. Nikaigeuza sumaku upande wa pili, ikaganda vilevile. Hapo ikawa imekwisha, kwa sababu sumaku mbili ukizigeuza, upande mmoja zinavutana na upande wa pili zinafukuzana. Kinachovutwa pande zote bila kubagua ni chuma cha kawaida. Walichoweka mle ndani ni kipande cha chuma kilichong'arishwa.

Nikafungua. Koili ilikuwapo, imesukwa vizuri hata mimi nikakubali, mizunguko imelala sawasawa. Ncha zake mbili zilikuwa zimekatwa na kuachwa hewani. Hazikuwa zimekwanguliwa vanishi wala kuguswa na risasi ya kulehemu. Hazikuwa zimeungwa popote. Na chini ya kibao cha taa, zimebanana kama watoto wanaojificha, betri mbili za kidonge, zile za volti 3 zinazokaa kwenye kompyuta kulindia saa. Kwenye tochi isiyo na betri.

Mwaka 1831 Michael Faraday, mtu aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu, alizungushia koili mbili kwenye pete ya chuma. Akaona sindano ya kipimo inacheza pale tu anapounganisha au kukata betri. Oktoba ya mwaka huohuo akasukuma fimbo ya sumaku ndani ya koili, sindano ikaruka. Sumaku ikitulia ndani, sindano nayo inatulia. Kumbe umeme hauzaliwi kwa sumaku kuwapo, unazaliwa kwa uga kubadilika. Mota zote ninazosuka, jenereta zote, transfoma zote zinakula kwenye sahani hiyo. Mfunga vitabu aliipata kwa waya na pamba ya kuukinga. Hawa wa kwangu wana bomba, wana koili, wana kila kitu, wakashindwa sumaku tu.

Halafu boksi. Boksi linasema utikise nusu dakika upate mwanga dakika 20. Hebu tupige hesabu. Taa ndogo ya LED ya volti 3 ikila miliampia 20, hiyo ni wati 0.06. Dakika 20 ni joule 72 za nishati. Sumaku ya gramu 20 ikianguka sentimita 10 inakupa joule 0.02, tena kama hakuna kinachopotea njiani, yaani theluthi moja ya sekunde ya mwanga. Ukitikisa kwa nguvu unapata zaidi, nakubali, maana mkono unaipa kasi kuliko uzito wake peke yake. Lakini joule 72 kwa nusu dakika? Huyo shemeji anatakiwa awe punda.

Kwa hiyo hata ile ya kweli, tusidanganyane, haifanyi wanachosema. Nasema hivyo na bado naipenda.

Maana sikuweza kuitupa. Ile koili ilinisumbua. Jioni moja nikakwangua ncha zake kwa wembe, multimita ikaniambia waya ni mzima mwanzo mwisho. Nikatafuta sumaku za neodimiamu zinazoenea kwenye bomba, nikazipanga tatu. Nikaunga taa mbili kichwa mkia moja kwa moja kwenye koili, bila kapasita, bila chochote, nikatikisa. Zikamulika kwa zamu, moja sumaku inapoingia, nyingine inapotoka, kwa sababu mkondo unageuka mwelekeo. Nilikaa pale natikisa kama mtoto. Nimesuka koili miaka mingi lakini kuona zile taa zinapokezana vile, nilicheka peke yangu.

Baadaye nikaweka daiodi 4 za kuunyoosha mkondo na kapasita ya kutunza. Nilichagua daiodi zinazokula volti kidogo, kwani za kawaida mbili kwa mkupuo zinameza zaidi ya volti moja, na hapa tuna volti za kuhesabu. Sasa nikiitikisa kama dakika moja napata mwanga wa kunitosha kutazama ncha ya waya iko wapi. Mkono unasikia kizuizi. Hiyo ndiyo tochi niliyoitaka.

Ila mjue kwamba sumaku ya kweli ina balaa lake. Nikiiweka kwenye boksi la vifaa inatoka na ndevu za skrubu na vumbi la chuma. Ile feki haikuwahi kunifanyia hivyo.

Nilimtumia muuzaji picha ya zile betri mbili na ncha za koili zilizokatwa. Akajibu, "Kumbe wewe ni fundi, ungesema mapema." Yaani asiye fundi ni halali yake kuuziwa chuma. Halafu akaniomba nibadilishe nyota, kwa kuwa tochi sasa inawaka.

Nampa nyota moja. Mbili, kwa ajili ya ile koili, imesukwa na mtu anayejua kazi. Hapana, moja. Koili hiyo niliiunga mimi.