Football Ramble: wapenda mpira wanaoanza kwa kujicheka wenyewe

Vipindi vya mpira vinavyotoka Uingereza ni vingi kuliko mtu mwenye kazi zake anavyoweza kuvisikiliza, na baadhi yake huendeshwa na wachezaji wastaafu ambao tunawavumilia kwa heshima ya mabao waliyofunga zamani. Football Ramble si kipindi cha aina hiyo. Kilianza mwaka 2007, wakati podikasti, yaani kipindi cha sauti cha kupakua mtandaoni, ilikuwa bado jambo la watu wachache wenye kompyuta na subira, na waliokianzisha hawakutumwa na gazeti, kituo cha redio wala klabu. Walikuwa marafiki wapenda mpira ambao hawakuwahi kulipwa kwa kuucheza. Kwamba kipindi kingali hai mpaka leo, na sasa kinasikika siku nyingi za wiki badala ya mara moja tu, ni jambo linalostahili kuelezwa, na kwa maoni yangu maelezo yake yako kwa watu wenyewe kuliko kwa mada wanazozichagua.

Kwa miaka mingi sauti zilizokitambulisha kipindi hiki zilikuwa nne: Marcus Speller, Luke Moore, Jim Campbell na Pete Donaldson. Speller ndiye anayeshika usukani. Yeye huanzisha mada na kuwarudisha wenzake wanapopotelea mbali, na aghalabu hufanya kazi hiyo kwa upole wa mtu anayejua kwamba kupotea huko ndiko watu walikokufuata. Moore ana hoja ndefu na ghadhabu ya kweli, hasa mazungumzo yanapofika kwenye pesa na wamiliki wa klabu. Campbell huzungumza kidogo, kisha hutupa sentensi moja kavu ambayo wengine huchukua muda kuinuka nayo. Donaldson, ambaye ni mtangazaji wa redio kwa kazi, huingia kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia: watu wanajadili safu ya ulinzi, naye anauliza swali kuhusu kofia ya kocha, na kabla hujamlaumu unagundua kwamba swali lile limesema jambo kuhusu kocha ambalo takwimu zisingelisema.

Msikilizaji makini atatambua jinsi kicheko chao kinavyotengenezwa. Mmoja anatoa hoja ya maana kwa sentensi mbili au tatu, wa pili anaikubali kwa sauti ya heshima ambayo ndani yake mna kejeli, na wa tatu anacheka akiwa amejitenga na maikrofoni, kiasi kwamba sauti yake inakuja kama ya mtu aliyeko chumba cha pili. Hapana anayesubiri zamu. Hata hivyo hapana anayemzima mwenzake, na hilo ndilo linalovishinda vipindi vingi vya kuchekesha, ambamo kila mzungumzaji hutaka mwisho wa utani uwe wake.

Jambo ambalo kwangu ndilo uti wa mgongo wa kipindi ni kwamba watu hawa huanza kuzicheka timu zao wenyewe. Campbell ni wa Arsenal, kwa hiyo maumivu yake tunayafahamu huku kwetu bila kuelezwa. Lakini Moore ni shabiki wa Portsmouth, klabu ambayo mwezi Mei 2008 ilitwaa Kombe la FA kwa bao pekee la Nwankwo Kanu dhidi ya Cardiff City. Miaka miwili haikutimia, na mwezi Februari 2010 ikawa klabu ya kwanza kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi ikiwa ndani ya Ligi Kuu ya Uingereza. Ikashuka daraja mwaka huo, ikashuka tena 2012, na tena 2013, hata ikajikuta daraja la nne, na mwaka huo huo wa 2013 mashabiki wenyewe walichangishana na kuinunua. Mtu aliyeipenda timu ya namna hiyo hawezi kudanganywa kwa urahisi na tajiri anayeshuka kwenye helikopta akiahidi mataji, na ghadhabu ya Moore ninayoitaja hapo juu ina kisima chake.

Donaldson naye anatoka Hartlepool, mji wa bandari wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza ambao, kwa mujibu wa hadithi yao ya kale, ulimnyonga kima. Inasimuliwa kwamba zama za vita vya Napoleon meli ya Kifaransa ilivunjika karibu na pwani yao, akaokoka kima mmoja aliyevishwa sare, na wenyeji, ambao hawakuwahi kumwona kima wala Mfaransa, wakamhukumu kuwa ni jasusi. Watu wa mji mwingine wangeificha hadithi hiyo. Wa Hartlepool wakaifanya nembo ya furaha ya klabu yao, wakamvisha mtu vazi la kima na kumweka pembeni mwa uwanja, na mwaka 2002 kijana aliyekuwa ndani ya vazi hilo, Stuart Drummond, akagombea umeya kwa ahadi ya kuwapa watoto wa skuli ndizi bure, akashinda, na akachaguliwa tena mara mbili baadaye. Klabu yenyewe imekuwa ikipanda na kushuka: ilitoka katika madaraja ya ligi mwaka 2017, ikarudi 2021, ikatoka tena 2023. Ukishajua haya, huhitaji tena kuuliza Donaldson aliupata wapi mtazamo wake.

Mzanzibari anauelewa ucheshi huu bila mkalimani. Mwezi Machi 2017 tulikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika, na mwezi Julai mwaka huo huo tukaondolewa kwa maelezo kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Disemba haijesha, Zanzibar Heroes ikaifunga Tanzania Bara mabao mawili kwa moja kwenye mashindano ya CECAFA, ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, nchini Kenya, ikafika fainali, ikatoka sare ya mabao mawili kwa mawili na wenyeji pale Machakos, na ikashindwa kwa mikwaju ya penalti. Aliyekuwapo barzani wakati ule anakumbuka kwamba mzaha ulianza kabla ya machungu kumalizika. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, ambapo watu hunywa kahawa kwa vikombe vidogo na kuangalia mpira wakiwa wamebanana kwenye barza za saruji, imewahi kutundikwa simu mbovu isiyounganishwa popote, na pembeni yake maandishi yanayomkaribisha mpita njia kupiga simu za nje bure. Football Ramble ni barza ya namna hiyo. Hapana mwenyekiti wa kweli, mada hubadilika bila taarifa, na mwenye timu inayofungwa ndiye anayetarajiwa kuchekesha zaidi.

Uhuru wao una faida nyingine. Mchambuzi aliyechezea klabu kubwa hujizuia kumsema kocha ambaye kesho atamhitaji kwa mahojiano, na kituo kilicholipia haki za kuonesha ligi hakiwezi kusema wazi kwamba mechi ya jana haikustahili umeme uliotumika kuirusha. Hawa wanaweza kusema, na wanasema. Kipindi ni bure kwa msikilizaji, kinaendeshwa kwa matangazo ya biashara na kwa michango ya hiari ya wanaotaka vipindi vya ziada. Matangazo mengi hayana kazi yoyote kwa mtu anayeishi Mwanakwerekwe, lakini yanarukika.

Katika miaka ya karibuni kundi limepanuliwa. Waliingia Kate Mason na Jules Breach, wote wawili watangazaji wa michezo wenye uzoefu, pamoja na waandishi Andy Brassell na Vithushan Ehantharajah. Wapo wasikilizaji wa zamani walionung'unika, kama wanavyonung'unika wazee wa barza anapokuja mgeni na kuketi mahali pa mtu. Mimi naona upanuzi umekisaidia kipindi kuliko kukidhuru, kwa sababu wanaume wanne waliozoeana kwa muda mrefu hufikia mahali wakaanza kuchekeana mambo ambayo msikilizaji mpya hayajui asili yake. Mason hasa ana kipaji cha kuuliza swali la moja kwa moja ambalo linaulazimisha mzaha urudi kwenye mpira. Siku wanapokutana wawili au watatu tu, mazungumzo huwa na nafasi zaidi na mimi huyafurahia zaidi, ingawa kicheko hupungua.

Brassell anastahili kutajwa peke yake. Ujuzi wake wa mpira wa Ufaransa, Hispania, Ureno na Ujerumani ni mpana, na kipindi ndugu kiitwacho On the Continent, anachokifanya pamoja na Dotun Adebayo, mtangazaji wa London aliyezaliwa Nigeria, ndicho ningempa mtu asiyependa mizaha mingi. Adebayo ana sauti nzito na haraka hana, na huuliza maswali ya mtu anayetaka kujua kweli. Wanaomfuatilia Mwafrika anayecheza Ulaya nje ya Uingereza watapata humo mambo ambayo hawatayasikia katika vipindi vinavyoishia Manchester na Liverpool.

Zipo kasoro, na kwa msikilizaji wa hapa si ndogo. Kiingereza chao ni cha kasi, chenye lafudhi tofauti na marejeo ya vipindi vya televisheni vya Uingereza vya miaka ya tisini ambavyo huku havikuoneshwa. Mtu aliyesoma Kiingereza cha skuli akakomea hapo ataufuata mpira wote na kupoteza theluthi ya vicheko. Kupunguza kasi kwenye simu kunasaidia kidogo, ila mzaha uliopunguzwa kasi huchusha. Pili, mpira wa Afrika kwao ni wa msimu, hupata nafasi zaidi Kombe la Mataifa linapokaribia. Sioni kosa katika hilo, kwa kuwa hawakuahidi vingine, lakini anayetaka kusikia habari za klabu zetu kama Mlandege au KMKM atabaki na redio zetu.

Tatu ni lugha. Maneno makali yapo, hayakithiri lakini yanatoka bila kubisha hodi, kwa hiyo kipindi hiki si cha kuwekwa kwenye spika ya gari wakati mzazi au mkwe yumo ndani, na mwezi wa Ramadhani mtu ajihukumu mwenyewe. Spika za masikioni ni za lazima. Kwa wanaovuka baina ya Unguja na Pemba, ni busara kupakua vipindi viwili vitatu nyumbani kabla ya kwenda bandarini, maana mtandao hupotea katikati ya mkondo na safari ya kwenda Mkoani ina urefu wa kutosha kuvimaliza vyote.

Anayetaka kuanza aanze na kipindi cha Jumatatu, baada ya mechi za mwisho wa wiki, tena wiki ambayo timu yake imefungwa. Vipindi vya mechi za msimu uliopita aviache, kwa sababu utani wa mpira huchacha upesi. Vile vya mazungumzo ya jumla kuhusu wachezaji wa zamani, makocha wa ajabu na jezi mbaya vinasikilizika hata baada ya miaka, na ndani yake ndimo Donaldson anapokuwa katika ubora wake.