Kotegi ya Mawe Wensleydale Mwezi wa Oktoba: Jiko la Kuni, Giza na Matope

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua kotegi, ile nyumba ndogo ya mawe inayopangishwa kwa siku chache mashambani Uingereza, na tunaichambua katika majira yanayoijaribu kweli: Oktoba na mwanzo wa Novemba, majani yanapopukutika. Tuko Wensleydale, bonde lililo ndani ya hifadhi ya Yorkshire Dales, kaskazini mwa England. Ndugu zetu walioko London, Leicester na Birmingham hupanga nyumba hizi wiki ya mapumziko ya shule, wakizichagua kwa picha zilizopigwa Juni, waridi mlangoni na viti bustanini. Oktoba bustani hutaikalia. Jambo la kulitazama kwanza ni joto.

Sogeeni hapa dirishani muone unene wa ukuta. Kutoka kwenye kioo hadi ukingo wa ndani ni karibu nusu mita ya mawe. Ukuta wa namna hii ukishapoa unakawia kupata moto, na ukishapata moto unakawia kupoa. Ndiyo maana mgeni anayeingia saa 10 jioni kwenye nyumba isiyowashwa hita tangu asubuhi atatetemeka mpaka wakati wa kulala, hata akizungusha kitasa cha hita mpaka mwisho. Siku moja kabla ya safari mwambie mwenye nyumba awashe hita kuanzia mchana. Ni ombi la kawaida, usione haya.

Gesi ya bomba haifiki kwenye mashamba mengi huku. Utakuta boila ya mafuta, au hita za umeme zenye matofali ndani. Hizi za matofali huwachanganya watu. Zinajaza joto usiku, umeme ukiwa rahisi, halafu zinalitoa mchana. Zina vitasa 2: kimoja ni cha kiasi cha joto la kuhifadhi usiku, kingine ni cha kulitoa. Ukivifungua vyote jioni ya kufika, hupati kitu, kwa sababu matofali hayajajazwa. Na ukikiacha cha kutoa joto wazi usiku kucha, kesho jioni, unapolihitaji joto, litakuwa limekwisha.

Sasa twende kwenye jiko la kuni, ambalo ndilo hasa watu wanalolilipia. Aliyezoea moto wa mafiga anajua kupanga kuni, lakini mafiga yanavuta hewa kila upande. Hili ni sanduku la chuma, hewa inaingia pale tu utakaporuhusu. Tazameni: kitasa cha chini hapa, na kingine juu ya kioo. Fungua vyote viwili. Weka magogo 2 madogo chini, juu yake panga vijiti vikavu 8 au 10 kwa kupishana kama kichanja, na juu kabisa kipande kimoja cha kuwashia. Washa juu, moto ushuke wenyewe. Ukiwasha hivi bomba la moshi linapata joto mapema, na moshi wa magogo ya chini unapita kwenye mwali na kuungua. Acha mlango wazi upana wa kidole kwa dakika 5 hivi, kisha funga. Magogo yakishika vizuri, kama dakika 15, funga kitasa cha chini, uongoze moto kwa cha juu peke yake. Kuni zinapenda hewa ya juu, na hewa hiyo ndiyo inayokisafisha kioo.

Moshi ukirudi chumbani, bomba limepoa na hewa baridi imekaa humo kama kizibo. Kunja ukurasa mmoja wa gazeti, uuwashe kwenye sehemu ya juu ndani ya jiko, uache bomba lianze kuvuta, ndipo uwashe kuni. Kioo kikiwa cheusi, ama kuni ni mbichi ama umeubana moto. Kosa baya kuliko yote ni kufunga vitasa vyote ili moto ulale mpaka asubuhi: kuni zinafuka bila mwali, lami inaganda ndani ya bomba, na lami hiyo siku moja inawaka. Kabla ya moto wa kwanza, bonyeza kitufe cha king'ora cha kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina harufu. Kama king'ora hakilii au hakipo, usiwashe jiko, mpigie mwenye nyumba.

Kuni ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Gonganisha magogo mawili: makavu yanalia kwa sauti kali, mabichi yanatoa kishindo kizito. Tangu Mei 2021, kuni za mifuko zinazouzwa England lazima ziwe na alama ya Ready to Burn, yaani kavu, tayari kuwashwa. Jiko la kilowati 5 hula kama kilo moja na nusu kwa saa, hivyo jioni moja inamaliza mfuko wa kilo 7 au 8. Kikapu cha bure unachokikuta sebuleni ni cha usiku mmoja tu. Majivu usiyamalize yote, kuni huwaka vizuri juu ya tabaka la sentimita 2. Unayoyatoa yatie kwenye ndoo ya chuma, uiweke nje, maana kaa huweza kubaki hai ndani ya majivu hata siku ya pili.

Chooni usitupe vitambaa vya kufutia, hata kama paketi inasema vinafaa. Hapa kuna tangi la maji taka shambani, na likiziba wikendi fundi wa kuja haraka ni shida.

Giza lisikuvizie. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na siku hiyo jua hapa linazama kama saa 10 na dakika 45. Fika kungali mwanga. Msimbo mmoja wa posta unaweza kubeba mashamba kadhaa, na simu hupoteza mtandao bondeni, kwa hiyo piga picha ya maelekezo na namba ya kisanduku cha ufunguo ukiwa bado mjini. Njia ni za gari moja. Mkikutana, aliye karibu na sehemu ya kupishania ndiye anayerudi nyuma. Huko juu kwenye nyanda zisizo na uzio, kondoo wako barabarani.

Matembezi ndiyo uzuri wenyewe wa Oktoba. Maporomoko ya Aysgarth yana ngazi 3, na baada ya mvua maji yanashuka na rangi ya chai ya rangi, kwa sababu ya mboji ya milimani. Poromoko la Hardraw Force linaanguka karibu mita 30 kwa mkupuo mmoja. Vaa gambuti au viatu vyenye meno. Majani yaliyolowa juu ya mawe yanateleza kama sabuni. Mishale ya njano ni njia za miguu. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Ramani ya karatasi ni OL30 ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza.

Nyama ya halali nunueni Bradford au Leeds kabla ya kupanda huku. Soko la Hawes, mji mdogo wa bonde hili, ni Jumanne, na jibini la Wensleydale huliwa hapa pamoja na kipande cha keki ya matunda. Jaribuni.

Kama huna watoto wa shule, panga wiki inayofuata mapumziko yao, Jumatatu hadi Ijumaa. Bei inashuka, na miti mingi bado ina rangi. Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba hita ni za aina gani na kuni za ziada anauza kwa kiasi gani.