Seti ya sataranji niliyoagiza Dar: kete safi, ubao ulikuja umekunjwa

Seti hii nimeitumia miezi minne hapa Mtwara, kufundishia wanafunzi jioni na kuchezea mashindano ya wikiendi kule Shangani. Nililipa shilingi 45,000 kwa muuzaji wa Kariakoo, na 5,000 ya basi.

Kete nazisifu bila kusita. Zina chuma ndani ya kitako na kitambaa laini chini, na mfalme ana sentimita 9.5, kipimo cha mashindano. Ukumbi wetu una madirisha ya upande wa bahari. Kusi ikivuma, zile za plastiki tupu zilikuwa zinaanguka zenyewe. Mtu akiinua farasi wake, mwenzake anadai umegusa, lazima umcheze. Ugomvi huo umekwisha. Tena kila upande una malkia wa ziada. Zamani askari akifika mwisho wa ubao na kugeuka malkia, tulikuwa tunapindua ngome isimame badala yake, na kwa sheria ngome iliyopinduliwa ni ngome tu.

Kilichoniuma ni ubao. Ni wa turubai, wa kuviringisha, lakini muuzaji aliukunja mara mbili kama shuka. Mikunjo ikakutana katikati kabisa, pale miraba minne ya kati, d4, d5, e4 na e5, inapogusana, pakainuka kama kichuguu. Nami hufungua na askari wa malkia! Raundi ya pili nilimsogeza hadi d4, akasimama upande. Mpinzani wangu, kijana wa kidato cha tatu, akauliza kwa adabu, "Samahani mwalimu, huyo yuko d4 au e4?" Nikasema "narekebisha," nikamweka sawa.

Akajibu d5. Nikatoa c4, akala. Nikacheza e3, naye akamlinda askari wake kwa b5. Nikaja a4, akaweka c6. Nikala b5, akala kwa askari wa c. Hapo malkia wangu akatua f3. Ubao ni kijani na krimu, na mshazari wa krimu ulikuwa mweupe hauna mtu, ukipita juu ya kichuguu kile kile hadi kwenye ngome yake kule a8. Kijana alitazama pembe ile muda mrefu, kisha akaziba kwa farasi. Nikamla, na mfalme wake akawa hatarini.

Ubao niliutandika barazani saa saba mchana, uso chini, nusu saa, halafu siku mbili chini ya godoro. Umelala vizuri sasa. Nitaagiza seti tatu zaidi za wanafunzi, ila safari hii nitamwomba muuzaji auviringishe ndani ya bomba.