Fundi wa Fremu wa Kariakoo na Picha ya Babu Asiyerudi

Nilimpelekea fundi wa fremu, Kariakoo, picha ya babu wa mume wangu, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa watu saba wa ndege ya mabomu aina ya Lancaster iliyopotea mwaka 1943, ambaye, kwa kuwa hana kaburi linalojulikana, jina lake limechongwa kwenye jengo la kumbukumbu la Runnymede, Uingereza, pamoja na ya askari wa anga wenzake zaidi ya 20,000. Fundi aliufuta ukungu kwa pamba kavu, taratibu mno, hadi beji yenye bawa moja ikaonekana kifuani. Kazi ilichelewa wiki nzima. Hata hivyo fremu ya mninga ni imara, na kioo hakigusi picha, jambo muhimu kwa unyevu wetu wa pwani. Nitamrudia na barua za marehemu.