Thredi za pedeli zimeliwa: tepu ipi ununue, ipi uikimbie

Malalamiko kutoka Bahi, Chamwino na Kongwa yanafanana: kranki ya alumini (mkono unaofungwa pedeli) imeliwa thredi, tepu (chombo cha kukatia thredi ndani ya tundu) imenunuliwa mjini, thredi zimekatwa upya, na pedeli bado inachomoka na madumu ya maji yakiwa nyuma.

Mara nyingi mtu kauziwa tepu ya plagi ya injini. Pedeli za baiskeli nyingi za watu wazima ni 9/16 × 20: kipenyo milimita 14.29, meno 20 kwa inchi. Tepu ya plagi ni M14 × 1.25, yaani kipenyo milimita 14 na milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ila la pedeli ni milimita 1.27 kutoka jino hadi jino. Ndani ya meno kumi tepu ya plagi imeshaachana na njia kwa milimita 0.2, inanyoa hata meno yaliyokuwa mazima. Soma maandishi kwenye shina la tepu. Kisha nenda dukani na kranki ambayo thredi zake bado ni nzima: tepu sahihi inaingia kwa vidole bila kucheza.

Namba moja kwangu ni Park Tool TAP-6, na siifichi. Zinakuja mbili, ya kulia na ya kushoto, na kranki ya kushoto hukatwa kinyume cha saa. Ni ghali, lakini fundi mwenye wateja atazitumia miaka.

Namba mbili ni seti ya bushi (kipete chenye thredi mpya ndani) ya Unior, kwa tundu lililokwisha kabisa: unalipanua, unakata thredi kubwa, unafunga bushi kwa gundi ya thredi. Kwa kranki moja tu, nunua kranki.

Jozi zisizo na jina zinafaa kusafisha thredi zilizochubuka, basi.

Kinachoudhi ni wauzaji wanaofungua jozi na kuuza ya kulia peke yake kwa bei ya zote mbili, kisha wanakwambia "hii inakata kote". Haikati kote. Ukiizungusha kwenye kranki ya kushoto unafuta thredi zote.

Ukiipata iliyo sahihi, anzia upande wa ndani wa kranki, ambako meno huwa bado mazima yakaiongoza tepu. Kwenye alumini tia mafuta ya taa, zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, futa chenga za chuma kwa mswaki. Pedeli ipakwe grisi, ianzwe kwa vidole, ndipo spana.