Stashahada ya CILT niliyosomea Arusha: uzoefu wangu mwaka mmoja baadaye

Napanga safari za malori matano kwenye kampuni ndogo ya uchukuzi hapa Unga Limited, Arusha. Kazi niliijua kwa kuifanya: simu mbili, daftari na kundi la WhatsApp la madereva. Baada ya miaka sita ya hivyo nikaamua kusomea stashahada ya kimataifa ya CILT, taasisi ya wataalamu wa lojistiki na uchukuzi iliyoanzishwa London mwaka 1919 na kupewa hati ya kifalme mwaka 1926. Tangu nimalize, watu wananiuliza kama inastahili ile pesa. Kwa aliye tayari kazini, nasema inastahili, na sababu yangu kubwa ni lori linaloshuka Dar tupu.

Malori yetu hufuata kontena bandarini, au mabati na vigae viwandani, kisha yanapanda navyo Arusha. Wakati wa kushuka, bosi hakutaka kusubiri mzigo. "Lori likae hapa linafanya nini? Lishuke." Kilomita karibu 650, tela halina kitu. Nauli ya kupandia ilitosha dizeli ya kwenda na kurudi na chenji ikabaki, kwa hiyo sote tuliita faida.

Somo la gharama za magari likanifungua macho. Unatenganisha gharama zinazokuja lori litembee lisitembee, yaani rejesho la benki, bima, mishahara na uchakavu, na zile za barabarani kama dizeli, matairi na oili. Mwalimu alitaka kila mtu apige hesabu ya gari la kweli. Nikabeba risiti zetu za miezi mitatu nikakaa nazo sebuleni usiku hadi usiku. Ikatoka kwamba lori moja likisimama siku nzima linatugharimu kama shilingi 180,000. Mzigo wa maharage au vitunguu wa kushukia Dar, ukishatoa dizeli inayoongezeka kwa uzito na malipo ya wapakiaji, unatuachia kama 800,000. Tukisubiri siku mbili bado tunabaki na zaidi ya laki nne. Ikifika siku ya tano pesa yote ya mzigo huo imeshaliwa, na hapo sijagusa hasara ya safari ya kupanda iliyocheleweshwa. Kumbe jibu halikuwa "subiri" wala "shuka". Lilikuwa namba, na namba yetu ni siku mbili.

Bosi aliiangalia karatasi ile muda mrefu asiseme kitu. Wiki iliyofuata akaniagiza nikaongee na madalali wa nafaka pale soko la Kilombero. Leo lori kushuka tupu ni jambo la kuulizana.

Jambo la pili ni uzito wa ekseli, yaani uzito unaokalia kila mhimili wa magurudumu. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Kabla ya kozi nilijua kikomo cha jumla tu. Tuliwahi kupigwa faini mizani tukiwa na tani 46, wakati semi yetu, yaani kichwa na tela lake, ya ekseli sita inaruhusiwa 50, nikaamini tumeonewa. Hatukuonewa. Vigae vilipangwa kuanzia mbele vikaishia katikati ya tela, uzito ukaangukia ekseli mbili za nyuma za kichwa ambazo kwa pamoja mwisho wake ni tani 18. Darasani tulichora lori kama ubao wa watoto wa kubembea, huku kukipanda kule kunashuka, na kukokotoa mzigo usogezwe nyuma kiasi gani.

Nilipomwonyesha mchoro dereva wetu mkongwe, aliutazama akasema, "Dada, si ndilo ninalowaambia wapakiaji kila siku?" Ni kweli, alikuwa akilisema, na mimi nilikuwa nikimwandika kwamba anachelewa kuondoka kiwandani. Nilimwomba radhi. Sasa yeye ndiye anayeamua mzigo ukae wapi, na mimi namwekea ile hesabu kwa maandishi ili kiwanda kisimbishie.

Masomo mengine nayataja haraka. Ghala na akiba ya bidhaa yalikuwa mazuri, ila hatuna ghala. Masharti ya biashara ya kimataifa, yale 11 ya Incoterms 2020, yalinisaidia mara moja na ilikuwa mara kubwa: mteja wetu alitaka kununua mashine ya kukamua alizeti kwa FOB Shanghai, bei inayoishia mzigo kupakiwa melini kule, akidhani nauli ya meli imo ndani. Tulimwahi kabla hajalipa.

Sasa kilichoniumiza. Kituo nilichosomea, hapa hapa mjini, kilipokea ada yangu kikachelewa kuniandikisha CILT, nikakosa mtihani wa awamu yangu na kusubiri unaofuata. Vitabu vilifika darasa likiwa katikati. Mifano mingi ilikuwa ya treni na mifereji ya Ulaya, wakati Namanga ipo kilomita kama 110 kutoka darasani na Holili ipo upande wa Moshi, vituo vya forodha vya pamoja mpakani na Kenya ambavyo wanafunzi nusu walikuwa wanapita kila wiki. Mwalimu mmoja tu, aliyewahi kuendesha karakana ya malori, ndiye aliyetutoa huko. Kwa hiyo usilipe awamu ya pili ya ada kabla hujapewa namba yako ya usajili, na namba hiyo ihakiki kwenye taasisi yenyewe, usitosheke na neno la kituo.

Na tafadhali, jua unachotafuta. Wenzangu wawili walidhani stashahada hii itawapa uwakala wa forodha. Haitoi. Kwa kazi hiyo kuna cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na uwakala wa mizigo kinachofundishwa na Chuo cha Kodi cha TRA. Anayetaka ununuzi na ugavi, hasa serikalini, atahitaji usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na mitihani yake. Kijana aliyemaliza shule na hajawahi kufanya kazi popote, mimi ningempeleka kwanza Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar, akasome kwa utulivu, kwa sababu mtu asiye na risiti zake za dizeli kozi hii atakariri tu.

Mshahara wangu umepanda kidogo, si kwa kiasi nilichotarajia. Kilichobadilika ni kwamba bei za nauli sasa zinatoka mezani kwangu, na mteja akiomba apunguziwe najua naweza kushuka hadi wapi. Ngazi inayofuata nimeshaiulizia, safari hii kwa kuwaandikia wenyewe CILT moja kwa moja.